Jina la Mti si Dhamana: Somo la Kuchagua Mbao na Vifaa vya Baraza la Nje

Katika vijiji na miji midogo ya Handeni na Korogwe, kutoka Mazingara na Mkata hadi Kabuku, Segera na Mombo, baraza ni chumba cha kwanza cha nyumba ingawa halina kuta. Hapo ndipo mgeni hukaribishwa, mahindi hupukuchuliwa, watoto hudurusu masomo yao, na wazee huketi jioni kupunga upepo. Hapo zamani baraza lilikuwa la udongo ulioshindiliwa. Baadaye likawa la saruji. Siku hizi wako pia wanaojenga baraza la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo, hasa penye mteremko au mahali ambapo maji ya mvua hutuama.

Baraza la namna hiyo hupendeza na huwa na ubaridi mzuri, lakini ndiyo sehemu ya nyumba inayopata taabu kuliko zote. Mlango una kizingiti na upenu wa kuukinga. Kitanda kimo ndani. Baraza la nje hupigwa na jua mchana kutwa, hulowa masika na vuli, na chini yake kuna ardhi yenye mchwa. Likichakaa, hasara si ya fedha tu. Ubao uliooza kwa ndani huweza kuonekana mzima kwa juu, na siku utakapovunjika, huenda aliyesimama juu yake akawa bibi mwenye mkongojo au mtoto anayekimbia.

Mlaji anayekwenda kununua mbao kwa kawaida huuliza swali moja: "Hii ni mbao ya mti gani?" Muuzaji hutaja mninga au mkongo, bei hupanda, na biashara huisha. Somo hili linakusudia kuonyesha kwamba swali hilo, ingawa ni la lazima, halitoshi. Yako maswali mengine manne: Mbao hii itakaa mahali gani? Imetoka sehemu gani ya mti? Je, imekauka? Na je, muuzaji yuko tayari kuyaandika anayoyasema?

1. Anza na mahali, kisha jina

Mbao haiozi kwa sababu ya uzee. Huozeshwa na kuvu, yaani viumbe vya jamii ya uyoga, na kuvu hao huhitaji unyevu ili waishi. Mbao ambayo unyevu wake haufiki asilimia 20 ya uzito wa mbao kavu kwa kawaida haiozi, hata ikikaa miaka mingi. Ndiyo sababu kenchi za paa zuri hudumu, ilhali ubao wa aina ileile uliotupwa uani huwa laini kama sifongo baada ya misimu michache ya mvua.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, ligawe baraza lako katika sehemu tatu. Ya kwanza ni nguzo zinazogusa au kukaribia ardhi. Hizi hupata unyevu daima na ndizo mlango wa mchwa. Ya pili ni boriti za kubebea sakafu. Hizi hulowa na hukaa kivulini, kwa hiyo hukauka polepole. Ya tatu ni mbao za kukanyagia. Hizi hulowa na kukauka haraka, na adui wake mkubwa ni jua, ambalo huzipasua na kuzipinda.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kununua mbao ghali za juu, zinazoonekana na wageni, kisha kuziweka juu ya nguzo na boriti za bei rahisi ambazo hazionekani. Sakafu haiwezi kudumu kuliko kinachoibeba. Fedha ikiwa haba, ielekeze kwanza chini.

2. Moyo wa mti na sehemu ya nje

Tazama kichwa cha gogo lililokatwa. Katikati pana rangi iliyokolea. Huo ndio moyo wa mti. Kuuzunguka, karibu na gome, pana mkanda wa rangi hafifu, wa manjano au mweupe. Mti ulipokuwa hai, mkanda huo ndio uliopitisha maji na kuhifadhi chakula cha mti. Moyo umejaa kemikali za asili ambazo mchwa, dumuzi na kuvu hawazipendi. Mkanda wa nje hauna kinga hiyo, na wanga uliomo huwavuta wadudu.

Jambo hili ndilo msingi wa somo zima: sifa njema za mninga, mkongo, mvule na mtiki ni sifa za moyo wa mti tu. Ubao wa mninga uliopasuliwa kutoka sehemu ya nje ni mninga kwa jina, lakini mbele ya mchwa hauna heshima yoyote. Muuzaji anayekuuzia ubao huo akiuita mninga hakusema uongo kuhusu mti. Lakini wewe umelipa bei ya kinga ambayo haimo. Kila ubao ukague pande zote nne na vichwa vyote viwili. Ukiona ukanda wa rangi hafifu, ama ukatae ubao huo kwa kazi ya nje, ama uombe ukanda huo uondolewe kabla ya kupima na kulipa.

3. Miti inayopatikana na kazi inayoifaa

Mkongo ni mzito, mgumu na wenye moyo wa rangi ya kahawia yenye wekundu. Moyo wake hustahimili mchwa na unyevu, na haujipindi sana ukikauka. Hufaa kwa nguzo na boriti. Ugumu wake huwataka mafundi watoboe tundu kwanza kabla ya kupigilia msumari, la sivyo ubao hupasuka.

Mninga husifiwa kwa utulivu wake: hupungua kidogo sana ukikauka, na hivyo mbao zake hubaki zimenyooka. Hufaa kwa mbao za kukanyagia. Hata hivyo ni mti unaotafutwa sana kwa samani, na bei yake huonyesha hivyo.

Mvule umetumiwa kwa vizazi vingi katika Afrika Mashariki kwa milango na mashua. Moyo wake hudumu nje vizuri. Mafundi huujua pia kwa "mawe" yake, yaani vipande vigumu vya chokaa vinavyopatikana ndani ya mbao na kuharibu meno ya msumeno. Mawe hayo si dalili ya ubovu.

Mtiki hupandwa katika mkoa wetu wa Tanga, katika shamba la serikali la Longuza wilayani Muheza. Mbao zake zina mafuta ya asili na hustahimili jua na mvua. Lakini kumbuka somo la moyo wa mti: miti michanga inayokatwa ili kupunguza msongamano shambani huwa na sehemu kubwa ya nje na moyo mdogo. Mtiki mchanga usilipiwe bei ya mtiki uliokomaa.

Msindano na saiprasi, zinazotoka katika mashamba kama Shume wilayani Lushoto na Sao Hill huko Mufindi, ni mbao nyepesi, zilizonyooka na za bei nafuu. Ndani ya nyumba na kwenye paa hufanya kazi njema. Nje, msindano usiotiwa dawa haufai kabisa. Huwa chakula cha mchwa na makao ya kuvu. Saiprasi huvumilia zaidi kidogo, lakini isiguse ardhi.

Mkaratusi una nguvu, ila hujipinda na kupasuka ukikauka. Hufaa zaidi ukiwa nguzo ya mviringo iliyotiwa dawa kuliko ubao wa sakafu. Mwembe, ambao hupasuliwa mbao hapa na pale kwa sababu upo uani, uachwe kwa kazi za ndani. Na bua refu la maua ya mkonge, linalopatikana kwa wingi Korogwe, ni jepesi na zuri kwa fito za kivuli. Lisitumiwe kubeba uzito wa watu.

4. Mbao zilizotiwa dawa

Mbao laini iliyotiwa dawa ipasavyo inaweza kudumu nje kuliko mbao ngumu iliyochaguliwa vibaya. Neno la kuzingatia ni "ipasavyo". Dawa ya kweli husukumwa ndani ya mbao kwa mgandamizo katika mtungi maalumu. Dawa iliyopakwa kwa brashi hubaki juu juu, na mpasuko mmoja unatosha kuwafungulia mchwa njia.

Namna ya kutambua ni rahisi. Omba kipande kikatwe katikati ya ubao, si mwishoni. Kama rangi ya dawa imeingia ndani kwa upana wa kutosha pande zote, vema. Kama ni ngozi nyembamba ya kijani juu ya mbao nyeupe, ubao huo umepakwa rangi tu. Na kila mahali fundi atakapokata ubao uliotiwa dawa, sehemu mpya iliyofunuliwa ipakwe dawa tena kabla ya kufungwa.

Dawa moja inayotumika sana kwa nguzo, ambayo huipa mbao rangi ya kijani, ina shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Nchini Marekani watengenezaji waliacha kuitumia dawa hiyo kwa mbao za makazi kuanzia mwisho wa mwaka 2003. Mlaji anayenunua mbao za aina hii azingatie yafuatayo:

Usipikie kwa vipande vilivyobaki, wala usivichome. Moshi na majivu yake yana sumu. Usianike makopa, mahindi wala chakula chochote moja kwa moja juu ya sakafu hiyo, tandika turubai. Fundi afunike pua na mdomo anapokata, na vumbi lizolewe, lisiachwe mahali kuku wanapodonoa. Watoto wanawe mikono baada ya kucheza hapo. Na kila mara muulize muuzaji jina la dawa iliyotumika. Asiyelijua hawezi kukuambia jinsi ya kujikinga.

Wengi hupaka oili chafu ya magari kama kinga ya mchwa. Oili hiyo haizami vya kutosha, huchafua ngozi na nguo, huwaka moto kwa urahisi na huharibu udongo. Isihesabiwe kuwa dawa.

5. Vifaa visivyo mbao

Baraza la saruji bado ndilo chaguo la busara kwa nyumba nyingi za tambarare. Haliliwi, na fundi wa kulijenga yupo kila kijiji. Lakini nalo lina masharti: literemke walau sentimita 1 kwa kila mita 1 kuelekea nje ili maji yasirudi ukutani, na juu lisisuguliwe hadi likateleza. Vigae vya sebuleni vinavyong'aa havifai nje. Vikilowa humwangusha mtu. Fahamu pia kwamba mchwa hupenya katika nyufa za saruji na kufikia mbao za nyumba.

Katika maduka ya miji mikubwa kama Dar es Salaam zipo pia mbao za mseto, zilizotengenezwa kwa plastiki na unga wa mbao. Haziozi haraka wala hazihitaji kupakwa vanishi. Hata hivyo hupata joto kali juani, hurefuka kwa joto na hivyo huhitaji nafasi ya kutosha mwishoni, nazo hulegea zikifungwa juu ya boriti zilizo mbali mbali. Soma maelekezo ya mtengenezaji kuhusu umbali wa boriti kabla ya kulipa, maana boriti hizo mara nyingi ni za mbao, na maswali yote ya sehemu zilizotangulia yanarudi.

6. Ukaguzi dukani

Ukavu. Mbao mbichi hununuliwa ikiwa imenyooka na hujipinda ikiwa imekwisha kupigiliwa. Ili kujua, kata kipande kidogo, kipime kwenye mizani ya dukani, kiweke mahali pakavu penye hewa na ukipime tena kila wiki. Kikiendelea kupungua uzito, mbao bado inakauka. Kama huna budi kununua mbao mbichi, zipange chini ya paa kwa kuweka vijiti kati ya safu moja na nyingine, usubiri hadi uzito utulie.

Kipimo. Chukua futi kamba yako. Tuseme unataka sakafu ya upana wa futi 10, na umeambiwa kila ubao una upana wa inchi 6. Ubao 20 unatosha: inchi 120 ni futi 10. Lakini ukipima ukakuta upana halisi ni inchi 5, ubao 20 utafunika inchi 100 tu, yaani futi 8 na inchi 4. Utahitaji ubao 4 zaidi, na fedha yake haimo katika bajeti. Pima kwanza, kisha hesabu; usihesabu kwa jina la kipimo.

Bei. Bei ya dukani si gharama ya mwisho. Kwa mfano wa hesabu tu, ubao wa shilingi 10,000 unaodumu miaka 2 hukugharimu shilingi 5,000 kwa mwaka. Ubao wa shilingi 30,000 unaodumu miaka 15 hukugharimu shilingi 2,000 kwa mwaka, tena humlipi fundi mara ya pili. Kinyume chake, ubao wa shilingi 30,000 uliokatwa sehemu ya nje ya mti ni hasara mara mbili.

Ujenzi. Mbao nzuri huharibiwa na ufungaji mbaya. Nguzo zikae juu ya misingi ya zege iliyoinuka walau sentimita 15 juu ya ardhi, zikishikwa kwa chuma, ili vijia vya udongo vya mchwa vionekane vinapopanda. Mbao za kukanyagia zenye unene wa inchi 1 zibebwe na boriti zisizopishana zaidi ya sentimita 40. Kati ya ubao na ubao iachwe nafasi ya milimita 5 hivi ili maji yapite. Tumia skrubu zilizopakwa zinki. Chuma kitupu huliwa na kutu upesi katika mbao yenye dawa ya shaba, na huacha madoa meusi katika mbao ngumu. Chini ya sakafu paachwe nafasi ya mtu kuinama na kutazama, na patazamwe kila mwisho wa masika.

7. Uhalali wa mbao na haki zako

Mbao ngumu za asili hazizidi kuongezeka. Mnamo Novemba 2022, katika mkutano uliofanyika Panama, nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini ziliiweka jamii ya mininga na mikongo ya Afrika chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa. Hapa nchini, uvunaji na usafirishaji wa mazao ya misitu husimamiwa chini ya Sheria ya Misitu, Na. 14 ya 2002, na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, pamoja na halmashauri na serikali za vijiji kwa misitu iliyo chini yao. Mbao zinazouzwa usiku kando ya barabara kwa bei ya kutupa huweza kukamatwa zikiwa mikononi mwako. Mwombe muuzaji akuonyeshe usajili wake wa biashara ya mazao ya misitu, na uhakikishe una hati ya kusafirishia mbao kabla hujazipakia.

Dai risiti ya kielektroniki, na pamoja nayo maelezo yaliyoandikwa: aina ya mti, kwamba ni moyo wa mti, vipimo halisi, idadi, na jina la dawa kama ipo. Maneno ya mdomo huisha gari linapoondoka. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya 2003, inakataza kumpotosha mlaji kuhusu aina na ubora wa bidhaa. Karatasi yenye maelezo hayo ndiyo itakayokusaidia ukilazimika kulalamika. Anza na muuzaji mwenyewe kwa adabu na kwa ushahidi: picha, kipande cha ubao na risiti. Msipoelewana, muone afisa biashara wa halmashauri yako. Malalamiko kuhusu udanganyifu hupokelewa na Tume ya Ushindani. Yahusuyo vipimo, na Wakala wa Vipimo. Na yahusuyo ubora wa bidhaa za viwandani, na Shirika la Viwango Tanzania.

Maswali ya kujipima

1. Jirani yako amenunua nguzo za msindano usiotiwa dawa na sakafu ya mkongo. Utamshauri abadilishe nini kwanza, na kwa nini?
2. Ubao wa mninga una ukanda wa manjano wa upana wa vidole viwili upande mmoja. Eleza mambo mawili unayoweza kumtaka muuzaji ayafanye kabla ya kupima na kulipa.
3. Unataka sakafu ya upana wa futi 8, nawe umepima ukakuta kila ubao una upana wa inchi 4. Bila kuhesabu nafasi za katikati, utahitaji ubao mingapi?
4. Mama mmoja anataka kuwashia jiko vipande vya nguzo ya kijani vilivyobaki. Utamweleza nini?
5. Nenda kwenye baraza lako leo, la mbao au la saruji. Tazama chini yake na kando ya kuta. Je, kuna kijia cha udongo kinachopanda? Kama kipo, kazi ya kwanza si kununua mbao mpya, bali ni kumzuia mchwa aliyekwisha kufika.